Mafua Yaliyoingia Bandani

Binti yake alipopiga simu kusema anakuja kukaa naye mwisho wa juma, Koleo alifagia nyumba mara mbili, na mara ya pili hakukuwa na cha kufagia. Alibadilisha shuka la kitanda cha wageni, akalibadilisha tena kwa sababu la kwanza lilikuwa na kiraka. Kisha akaenda bandani kuwaambia nguruwe.

Jina la Koleo alilipata ujanani, alipokuwa akitengeneza mageti na madirisha ya chuma. Akikushika mkono kukusalimia, vidole vinakuuma mpaka jioni. Baadaye yeye na mkewe walianza kufuga nguruwe nyuma ya nyumba, chumba kimoja kikazaa kingine, mpaka likawa banda refu lenye njia katikati na vyumba huku na huku. Mkewe ndiye aliyekuwa na mkono wa mifugo. Alipofariki, watu walidhani Koleo atauza kila kitu. Hakuuza. Ila siku nyingine jua lilizama na neno pekee alilokuwa amelitamka ni “sogea”, na aliyeambiwa alikuwa na miguu minne.

Mtu aliyemwokoa na ukimya huo alikuwa jirani yake, Dereva. Huyu aliendesha malori maisha yake yote mpaka mgongo ukamgomea, naye akaanza kufuga nguruwe upande wa pili wa ua wa waya. Hakuoa, na ukimwuliza kwa nini, anakwambia bado anatafuta maegesho. Jioni nyingi alivuka kuja kukaa barazani kwa Koleo, wakasikiliza redio na kubishana juu ya mambo ambayo wote wawili hawakuwa na uwezo wa kuyabadilisha. Yeye ndiye aliyekuwa na dume. Juma lile lile la ugeni wa binti, dume hilo lilikuwa limeletwa bandani kwa Koleo kupanda majike, likarudishwa kwake.

Binti alifika na pua nyekundu na sauti imekwaruza.

“Mafua tu, Baba,” alisema kabla hajaulizwa. “Ofisini kwetu wote tunapiga chafya.”

Alikuwa amekonda kidogo, au pengine ni nywele alizozikata. Alizunguka nyumba akigusa vitu, kiti cha mama yake, pazia, kabati la vyombo, halafu akasema anataka kwenda kuwaona nguruwe.

Koleo alijua jibu analopaswa kutoa. Daktari wa mifugo alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba mwenye kikohozi haingii bandani, awe mgeni, awe mwenye nyumba. Hata mkewe enzi zake alikuwa akijifunga kitambaa mdomoni akiwa na mafua. Lakini binti alikuwa ameshalichukua buti la mvua la marehemu kutoka kwenye msumari ukutani na kuingiza mguu, na lilikuwa limemkaa sawasawa. Koleo akafungua mlango.

Walikaa mle asubuhi nzima. Binti alichuchumaa katikati ya watoto walioachishwa kunyonya, nao wakamzonga, wakamnusa uso na shingo, wakamtafuna vifungo vya shati. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Mwishoni mwa njia kulikuwa na jike mzee ambaye mkewe Koleo alimlea kwa chupa, na ambaye alipewa jina la Mama Mkwe kwa jinsi alivyokuwa akikutazama kama mtu aliyekuletea mahari pungufu. Binti alimkuna nyuma ya sikio. Mama Mkwe akafumba macho. Koleo alisimama na beleshi mkononi, hafanyi kazi yoyote, akisikiliza sauti ya mwanamke ndani ya banda lile.

Binti aliondoka Jumapili na basi la mchana. Nyumba ikarudi ilivyokuwa, ila sasa ilionekana kubwa zaidi.

Siku chache baadaye mafua yakamkamata Koleo mwenyewe. Mifupa ilimuuma, kichwa kikawa kizito kama kimejazwa mchanga. Lakini nguruwe hawaelewi habari za homa ya mtu. Alijikokota kuwapa chakula, akikoholea kwenye kiwiko, mara nyingine akisahau kiwiko. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilimwingia mpaka kwenye meno, akafikiri kama mimi natetemeka hivi, na hawa je? Akashusha maturubai ya pembeni yote mpaka chini. Banda likawa na joto. Likawa pia na harufu nzito ya mkojo, na hewa haikuwa na pa kutokea.

Kikohozi cha kwanza alikisikia kwenye chumba cha watoto. Kilikuwa kikavu, cha ghafla, kama mbwa anayebweka akiwa na mfupa kooni. Alisimama akasubiri. Kikaja tena, kutoka kwa mwingine.

Kesho yake watoto hawakuja kwenye hori. Walikuwa wamelundikana pembeni wakitafutana joto, makamasi puani, matumbo yakipanda na kushuka haraka. Chumba cha pili kilitenganishwa na kile kwa vyuma tu, na Koleo alikuwa amewaona mara elfu wakigusanisha pua kati ya vyuma vile. Kikohozi kikahamia huko. Kisha kikavuka njia ya katikati, mahali ambapo pua haifiki pua. Hapo Koleo akatazama mabuti yake, beleshi lake, na mikono yake, akaelewa kwamba kisichobebwa na hewa alikuwa akikibeba yeye, chumba hadi chumba, pamoja na ndoo ya chakula.

Juma halijaisha, banda karibu zima lilikuwa limelala. Kilichomtisha zaidi hakikuwa kikohozi. Ilikuwa saa ya kula. Siku zote ukigusa ndoo, nguruwe wanapiga kelele mpaka masikio yanaziba. Sasa aliigonga ndoo kwenye chuma, akaigonga tena, na hakuna aliyejibu.

Akampigia daktari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mrefu, asiye na maneno mengi. Alisugua mabuti yake kwa dawa mlangoni kabla ya kuingia, akavaa barakoa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupandisha maturubai upande usiopigwa na mvua.

“Wanapumua hewa waliyoikohoa wenyewe, Mzee,” alisema.

Alipita chumba kwa chumba na kipimajoto. Aliwainamia, akasikiliza vifua. Alimweleza taratibu kwamba dalili zote ni za mafua ya nguruwe: yanaingia kwa kishindo, yanashika karibu kila mnyama, na wengi huinuka wenyewe baada ya siku kadhaa wakipata maji, utulivu na hewa safi. Mafua yenyewe hayana dawa. Hatari ni kwa wale wenye mapafu mabovu tangu zamani, kwa sababu bakteria waliokuwa wamejificha humo huamka mafua yakishawafungulia njia. Hao ndio atakaowachoma sindano. Alisimama kwa muda mrefu mbele ya Mama Mkwe, ambaye alikuwa amekaa kama mbwa, miguu ya mbele imetanuka, akihema kwa mdomo.

Kisha akauliza ni nani ameingia bandani siku za karibuni.

“Hakuna,” Koleo alisema. “Ni mimi na wao tu.”

Lilitoka lenyewe, kabla hajalipima. Aliwaza juu ya binti yake. Alikuwa anakuja mara chache kama mvua za kiangazi, na simu zake zilikuwa fupi. Akiambiwa kwamba ziara yake moja imeangusha banda zima, atapata sababu nyingine ya kutokuja. Koleo hakutaka kumpa sababu hiyo.

“Na mnyama mgeni? Umenunua, umeazima?”

“Dume la jirani lilikuwa hapa.”

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoufanya uongo ukae vizuri. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Alisema mara nyingi ugonjwa huu huingia hivyo, na dume la kuzungushwa huku na huku ni shida. Alichukua ute wa puani kwa vijiti vya pamba apeleke maabara, akaagiza asiingie mtu wala asitoke mnyama, kwa Koleo na kwa Dereva, mpaka majibu yarudi. Akavuka kwenda kumweleza Dereva. Koleo aliwaona wakizungumza kando ya ua. Alimwona Dereva akiinamisha kichwa.

Jioni ile Dereva hakuja barazani, wala iliyofuata. Alikuwa akitii amri. Koleo alikaa peke yake na redio, na mtangazaji aliposema jambo la kipuuzi, aligeuka kusema neno na kiti cha pili kilikuwa kitupu. Aliizima redio. Kutoka bandani kikohozi kikaja, kimoja, kingine, kikipokezana.

Watoto kadhaa walikufa, wale wadogo wadogo. Mama Mkwe alipigwa sindano, akanywa maji kidogo kwenye kiganja cha Koleo, siku moja akasimama hata akampa lile jicho lake la mahari. Asubuhi iliyofuata alikuwa amekufa, ubavu wake umeegemea vyuma. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuja kusaidia, Koleo alichimba shimo peke yake, lenye kina kama daktari alivyoagiza, akipumzika kila baada ya beleshi chache kwa sababu kifua chake mwenyewe kilikuwa bado kinauma. Alimvuta kwa kamba juu ya bati kuukuu. Alimwaga chokaa, akafukia. Halafu akakaa juu ya udongo akijaribu kukumbuka kama mkewe alikuwa akimlisha kwa chupa ya kijani au nyeupe, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Binti alipiga simu siku hiyo hiyo. Aliuliza kama mafua yake yamemwambukiza.

“Kidogo tu. Yameisha.”

“Na nguruwe?”

“Wazima.”

“Nisalimie Mama Mkwe.”

Koleo alisema atamsalimia. Alipokata simu, alikaa nayo mkononi mpaka kioo chake kikazima.

Siku mbili tatu baadaye alisikia anaitwa. Dereva alikuwa amesimama upande wake wa ua, mbali kidogo na waya kama alivyoelekezwa, ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Hakuwa amenyoa ndevu.

Alianza kwa kuuliza habari za wanyama, akajibiwa. Akauliza kama ni kweli Mama Mkwe amekwenda, kwa maana alikuwa ameliona shimo. Akajibiwa. Kisha akatazama chini.

“Kaka Koleo, nimekuja kukuomba radhi. Mzigo huu nimekuletea mimi.”

Koleo alisogea karibu na waya.

“Dume nimelichinja jana,” Dereva akaendelea. “Lilikuwa halikohoi, wala halijakohoa hata siku moja. Lakini nililitazama nikasema, si unaona, uko hapa umenenepa, na kule kwa mwenzangu wanakufa. Sikuweza kuendelea kulilisha. Nimelifukia na nyama yake. Na wale majike wangu wawili wachanga, daktari akituruhusu tu, ni wako. Usikatae. Najua hawawezi kuwa Mama Mkwe.”

Alikuwa amejiandaa kusema maneno hayo. Ilionekana kwa jinsi alivyovuta pumzi alipoyamaliza, kama mtu aliyetua gunia. Koleo alishika waya wa ua. Dume lile Dereva alilinunua likiwa dogo, akalisafirisha akiwa amelipakata mapajani. Lilikuwa ndiyo riziki yake, na jioni alikuwa akilisimulia kama watu wengine wanavyosimulia watoto wao.

“Halikuwa dume lako,” Koleo alisema.

“Daktari mwenyewe alisema.”

“Daktari alisema nilichomwambia mimi. Binti yangu alikuja na mafua, nikamwingiza bandani. Akawakoholea. Kisha nikaugua mimi, nikaingia nikikohoa nikawafungia na maturubai. Nilikuwa najua. Nilipoulizwa nikasema hakuna aliyeingia, nikalitaja dume.”

Dereva alimtazama. Hakukasirika, au kama alikasirika hakikuonekana kitu. 

“Kwa nini?” aliuliza hatimaye.

Koleo alijaribu kueleza. Alisema habari za simu fupi, na nyumba, na kwamba aliogopa binti asirudi. Maneno yalimtoka hovyo hovyo, na kadiri alivyoyasikia ndivyo yalivyokuwa madogo.

“Ungeniambia mimi,” Dereva alisema. “Tunakaa wote pale kila siku. Ungeniambia mimi tu, nisingemwambia mtu.”

Akavaa kofia yake, akaenda. Alitembea polepole kwa sababu ya mgongo, na Koleo alimfuata kwa macho njia nzima mpaka mlango ulipofungwa.

Siku hiyo hiyo Koleo alimpigia daktari akamweleza yote. Daktari hakumkaripia. Alisema majibu yalikuwa njiani na angejua tu, kwa maana kirusi cha mafua ya watu maabara hukitambua. Alisema watu huwaambukiza nguruwe mafua mara nyingi kuliko wanavyodhani, na kwamba hata kama binti asingekanyaga bandani, Koleo mwenyewe angewapelekea baada ya kuugua, maana hakuwa na mtu wa kumshikia kazi.

“Kwa hiyo ingetokea tu,” Koleo alisema, kwa matumaini kidogo.

“Mafua, labda,” daktari alijibu. “Ila dume la watu lingekuwa hai.”

Majibu yaliporudi yalisema hivyo hivyo: mafua ya watu. Kufikia hapo kikohozi bandani kilikuwa kimepungua, kikabaki cha hapa na pale. Siku moja Koleo aligonga ndoo, na kutoka chumba cha mwisho nguruwe mmoja akapiga kelele, wengine wakadakia, kelele zikajaa paa. Aligeuka nusu kuelekea ua wa Dereva, kwa mazoea, kumwita aje asikie. Akajirudi, akamimina chakula.

Koleo alimwambia binti yake kwa simu. Alikuwa amepanga kumweleza kwa kuzunguka, lakini binti alipouliza tu, “Nguruwe hawajambo?” akamwambia wamekufa kadhaa, na Mama Mkwe mmojawapo, na sababu, na habari ya dume la Dereva. 

“Mimi nakuambia unisalimie Mama Mkwe, na wewe unaniitikia,” binti alisema. Sauti yake ilikuwa chini. “Alikuwa ameshazikwa?”

“Alikuwa ameshazikwa.”

“Baba, kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa hutakuja tena.”

Alimsikia akipenga kamasi, au akilia, kwenye simu ni vigumu kujua.

“Mimi siji mara kwa mara kwa sababu nyumba hiyo bila Mama inanishinda,” binti alisema. “Nikifika naanza kuhesabu saa za kuondoka. Siku ile bandani ndiyo mara ya kwanza sikuhesabu.”

Koleo alimwambia ajifunike vizuri, kuna baridi. Binti akasema atajitahidi kuja, hakusema lini. Alituma salamu na maneno marefu ya kuomba radhi kwa Baba mdogo Dereva. Koleo aliyapeleka mpaka kwenye ua, akayasema. Dereva aliyapokea, akasema mwambie sina kinyongo na mtoto.

Kwa Koleo mwenyewe hakusema lolote. Amri ya daktari iliondolewa, njia ikawa wazi, lakini jioni zilikuja na Dereva hakuvuka. Wakikutana barabarani walisalimiana, wakaulizana hali ya hewa, na kila mmoja akaendelea na njia yake. Koleo alimpelekea jike mmoja kati ya waliopona, mnyama mzuri mwenye mgongo mrefu. Dereva alimshukuru, akamrudisha jioni ile ile, amemfungia geti taratibu bila kupiga hodi.

Msimu wa mvua ulikuwa umeisha gari dogo lilipoingia kwa Dereva likiwa na dume jipya. Koleo alikuwa anatengeneza turubai, akaacha, akatembea mpaka kwenye ua. Siku za nyuma wangekwenda pamoja kulichagua, na wangebishana njia nzima. Dereva alilishusha peke yake kwa ubao, akilibembeleza, akaliongoza mpaka kwenye kibanda kidogo kipya alichokijenga mbali, upande wa chini wa kiwanja, mbali na nguruwe wake wengine. Alipokuwa anarudi alimwona Koleo, akasita, kisha akakaribia waya.

“Linakohoa?” Koleo aliuliza.

“Halikohoi. Lakini nimelitenga kwanza.”

“Umefanya vizuri.”

Dereva aliitikia kwa kichwa. Walisimama wakilitazama dume likinusa ukuta wa kibanda chake, likizunguka, likilala chini na kuinuka tena kama mgeni asiyejua kitanda chake ni kipi. Koleo alifikiri Dereva atasema kitu. Pengine na Dereva alifikiri hivyo hivyo juu yake. 

“Haya,” Dereva alisema. “Ngoja nikalipe maji.”

“Haya.”

Koleo alibaki pale mpaka mwenzake alipofika kibandani na kuinama juu ya ndoo. Kisha akageuka akarudi kwenye turubai lake, maana upepo ulikuwa umeanza, na upande ule wa banda ulikuwa bado wazi.